Wazee Watano kwa Mwaka Mzima: Namna ya Kumlea Mtafiti Chipukizi wa Afya ya Uzeeni

Miaka kadhaa iliyopita niliketi chini ya mwembe katika boma moja la Seme, nje ya mji wa Kisumu, nikimsikiliza kijana mwenye shahada ya uzamili akimhoji bibi wa miaka themanini na ushei. Alisoma maswali kutoka kwenye tableti kwa sauti nyembamba na ya haraka, naye bibi akaitikia kila swali kwa "eeh". Analala vizuri? Eeh. Ameanguka mwaka huu? Eeh. Ana huzuni? Eeh. Mahojiano yalikwisha kwa dakika 22, na kijana akafunga tableti akiwa ameridhika. Nilisogea upande wa kulia wa bibi, nikamwuliza polepole kwa sauti nzito, "Dani, umesikia alichokuuliza mjukuu wako?" Alicheka. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa zamani, na alikuwa akiitikia kwa adabu tu, kwa kuwa mgeni haachwi aongee peke yake.

Hojaji ile haikuwa na kosa lolote ambalo kompyuta ingeliona, kwa maana kila kisanduku kilikuwa kimejazwa. Tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba mtafiti wa afya ya wazee hutokana na warsha ya siku tano hotelini, hata wakufunzi wake wawe hodari namna gani. Ninachopendekeza kwa wahadhiri, madaktari, wauguzi na wasimamizi wa miradi wanaolea watafiti chipukizi ni jambo jepesi kulieleza na zito kulitekeleza: mpe kila chipukizi wazee watano, awatembelee kila mwezi kwa mwaka mzima, na kila somo la utafiti, kuanzia idhini hadi takwimu, alisome kupitia kwao. Wazee hao si sampuli na hakuna makala yatakayochapishwa kutokana nao, kwa kuwa kazi yao katika mpango huu ni ualimu.

Haja ya mafunzo haya inatokana na mahali chipukizi wetu wanakotoka. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi nchini Kenya, ilhali madaktari bingwa wa wazee ni wachache mno, na anayejiunga na mradi wa uzeeni huwa amelelewa katika utafiti wa malaria, wa ukimwi au wa afya ya mama na mtoto, ambao umestawi sana katika ukanda huu wa ziwa. Anakuja na mazoea yake. Amezoea mgonjwa mmoja, ugonjwa mmoja na msemaji mmoja, yaani mama mwenye mtoto mgongoni. Kwa mzee atakuta maradhi manne yanayogombana, vikopo vitatu vya dawa visivyo na maandishi, na wasemaji wanne ambao mmoja wao yuko Nairobi kwenye simu.

Chagua wazee hao kwa makusudi, wala usikubali wote watoke kliniki, kwa sababu anayefika kliniki ana miguu, nauli au mtoto wa kumpeleka. Mmoja awe bado analima na kutembea bila mkongojo, ili chipukizi asidhani kwamba uzee ni ugonjwa. Mwingine awe anaishi na virusi vya ukimwi: mpango wa AMPATH wa kutibu ukimwi ulianza Eldoret mwaka 2001, na aliyeanza dawa miaka hiyo akiwa na miaka 45 sasa anakaribia sabini, akiwa na shinikizo la damu na magoti mabovu juu ya yale ya zamani. Wa tatu awe ameanza kusahau, na hapo mlezi wake huhesabiwa pamoja naye. Wa nne aishi peke yake katika mtaa wa mjini kama Nyalenda au Manyatta, ambako jirani ndiye ndugu. Wa tano awe hatoki kitandani, au ndiyo kwanza ametoka hospitali. Ndugu wa chipukizi hafai, na mzee mashuhuri anayehojiwa na kila mradi unaopita afadhali aachwe apumzike.

Hata kama ziara hizi ni za mafunzo, mpango wake upitishwe kwenye kamati ya maadili ya chuo au hospitali yenu, na maombi ayaandike chipukizi mwenyewe. Atajifunza hapo hapo mlolongo utakaomhusu maisha yake yote: kamati ya maadili kwanza, kisha leseni ya NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi, pale utafiti wenyewe unapoanza, barua ya kaunti, naibu chifu, mzee wa kijiji, na mhamasishaji wa afya ya jamii ambaye ndiye anayejua ni lango lipi lina mbwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 aisome yote kabla hajapiga picha hata moja.

Ziara tatu za mwanzo zifanyike bila fomu, na kwa chipukizi mwenye hamu hakuna amri ngumu kuliko hii. Mwambie aende akaketi, asaidie kupukuchua mahindi, ajue mzee anaitwaje na watu wake. Kwa Waluo atamwita Dani au Jaduong', kwa Waluhya Kukhu au Kuka, Nakuru atasikia Cucu na Guka. Lakini amsikilize kwanza mkaza mwana wa pale anavyomwita, maana kuna bibi anayependa kuitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza na kuna mwalimu mstaafu atakayekasirika akiitwa "babu". Arudipo, mwulize mambo ambayo hayamo katika fomu yoyote: choo kiko umbali gani na mlango wa nyumba, nani huchota maji, mzee hula saa ngapi na nani humpakulia. Asipoweza kujibu, arudi tena bila fomu.

Katika ziara hizo atakutana na dhana moja ambayo lazima ishughulikiwe mapema. Tangu 2018 mpango wa serikali wa Inua Jamii umekuwa ukilenga kila mwenye miaka 70 asiye na pensheni, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Basi mgeni mwenye kalamu anayeuliza umri na mali huonekana ni karani wa kuandikisha fedha za wazee. Matokeo yake ni kwamba wenye miaka 66 wanakuwa 70, ng'ombe wanapungua, na mtoto anayetuma pesa kila mwezi hatajwi kabisa. Sioni ubaya wa mzee hapo. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Chipukizi afundishwe kusema waziwazi, mbele ya familia nzima na kwa lugha ya nyumbani, kwamba hana uwezo wa kumwandikisha wala kumfuta mtu, kisha aonyeshe ofisi inayohusika iko wapi. Na arudie maneno hayo katika ziara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza haaminiki.

Umri wenyewe ni somo zima. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho cha mzee mara nyingi ilikadiriwa na karani aliyemtazama usoni, na utafiti wa uzeeni wenye umri usioaminika ni nyumba isiyo na msingi. Mfundishe chipukizi kutengeneza kalenda ya matukio ya eneo lake, asiinakili kutoka kwa mradi mwingine. Mengine ni ya nchi nzima: mwisho wa vita vya 1945, hali ya hatari ya Oktoba 1952, mvua na mafuriko makubwa ya 1961, Uhuru wa Desemba 1963, kifo cha Tom Mboya Julai 1969. Mengine ni ya kabila na ukoo. Babukusu hutahiri katika miaka inayogawanyika kwa mbili na kila rika lina jina lake, kama vile Maina, Chuma au Sawa, hivyo kumjua mtu ni wa rika gani husaidia kukadiria miaka aliyotahiriwa. Kwa mwanamke, mwulize kama bendera ilipopandishwa alikuwa ameshaolewa, na kama ndiyo, mtoto wa kwanza alikuwa tumboni au mgongoni. Kisha chipukizi aandike makadirio mawili, la chini na la juu, badala ya kujidai ana jibu moja.

Baada ya hapo ndipo vipimo vinapoanza, na mimi hupenda vifundishwe mikononi kabla ya kwenye slaidi. Anza na masikio. Uzeeni sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, kwa hiyo kupiga kelele hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kukaa mbele ya mzee, uso ukiwa na mwanga, redio ikiwa imezimwa, na kusema polepole kwa sauti nzito. Chipukizi anong'one maneno machache akiwa pembeni, mzee ayarudie, sikio moja moja. Kisha macho, kwa maana mtoto wa jicho umewafanya wazee wengi waonekane wamechanganyikiwa ilhali hawaoni tu kadi wanayoonyeshwa.

Kwa mwendo, mpe kamba ya katani yenye mafundo mawili yaliyoachana mita 4 kamili, na saa ya kuhesabu sekunde. Mzee atembee kwa mwendo wake wa kawaida, akianza hatua chache kabla ya fundo la kwanza. Akitumia zaidi ya sekunde 5, kasi yake iko chini ya mita 0.8 kwa sekunde, nacho ni kiwango ambacho wataalamu wengi hukichukulia kuwa dalili ya udhaifu unaostahili kufuatiliwa. Kipimo cha pili ni kuinuka kitini mara tano, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma kwa wazee, linatumia sekunde 14 kama mpaka. Hapa ndipo chipukizi hugundua jambo ambalo kitabu hakimwambii, kwamba boma moja lina kochi linalozama, jingine lina kigoda cha shubiri mbili, na namba zinazotoka humo hazilinganishiki. Mmoja wa vijana niliowasimamia alimaliza tatizo hilo kwa kununua kiti cha mbao kisicho na mikono, akawa anakifunga nyuma ya bodaboda kila ziara. Watoto wa Seme walimwita "fundi viti".

Shinikizo la damu lisipimwe mara moja tu mzee akiwa ameketi. Alale dakika tano, apimwe, asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, hapo huenda ndipo penye chanzo cha kuanguka kunakodaiwa kuletwa na jicho baya la jirani. Urefu wa mzee aliyepinda mgongo usipimwe ukutani. Tumia urefu wa goti au wa mkono. Dawa ziletwe zote, pamoja na za kienyeji na zile alizoachiwa na marehemu mumewe, zimwagwe juu ya leso, zihesabiwe mbele ya mlezi. Dawa za maumivu ya magoti zinazouzwa dukani bila cheti zinaweza kupandisha shinikizo na kuumiza figo, na ni nadra mzee kuzitaja akiulizwa tu kama "anatumia dawa".

Maneno nayo yana mitego yake. Muulize mzee kama ameanguka, atasema hapana, "niliteleza tu". Kwa hiyo swali liulizwe kwa njia tatu: kama ameanguka, kama ameteleza, na kama amejikuta chini bila kujua alivyofika. Huzuni haitatajwa kwa jina la ugonjwa. Kwa Dholuo mtu husema "chunya lit", moyo wangu unauma, au analalamikia "paro mang'eny", mawazo mengi. Chipukizi asipoyajua maneno hayo atayaandika kama ugonjwa wa moyo. Ndiyo maana hojaji hutafsiriwa na mtu mmoja, ikarudishwa kwenye lugha ya asili na mwingine ambaye hakuiona, halafu ikajaribiwa kwa wazee wenyewe, wakiombwa waeleze kwa maneno yao walivyolielewa kila swali.

Upimaji wa akili ndio unaoharibika zaidi mikononi mwa watafiti wapya. Majaribio mengi yalitungwa kwa watu waliosoma: tarehe ya leo, kutoa saba kutoka mia moja mfululizo, kuchora saa. Nilimwona fundi wa mitumbwi wa Dunga, mwenye uwezo wa kupima ubao kwa jicho na asikosee, akishindwa kunakili umbo kwa penseli kwa sababu hakuwahi kushika penseli maishani. Aliandikwa kuwa ana upungufu. Zipo njia nyingine. Kipimo cha IDEA kilitengenezwa wilayani Hai, Tanzania, kwa ajili ya wazee wenye elimu ndogo, na ndani yake mzee hupanga njiti za kiberiti badala ya kuchora. Kipo pia kipimo cha CSID, ambacho humhoji mzee na mtu anayeishi naye, na kilijaribiwa hata hapa Kenya. Mwache chipukizi apime mzee mmoja kwa njia mbili tofauti na aone mwenyewe tofauti ya alama. Kwa mazungumzo ya kawaida, badala ya tarehe aulize siku ya soko kubwa la Kibuye ni lini, na noti ya mia mbili ikinunua omena ya mia moja na thelathini inarudi ngapi.

Aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili, asihesabiwe kuwa na demenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili polepole. Malaria, maambukizi ya mkojo, dawa mpya au kukosa maji huweza kumvuruga mzee kabisa na baadaye akarejea kuwa mzima. Chipukizi ajue tofauti hiyo kabla hajaandika neno demenshia mahali popote, kwa sababu katika baadhi ya sehemu za nchi, Kisii ikiwemo, wazee wamewahi kushutumiwa kwa uchawi na kuuawa, na bibi anayetangatanga usiku akisema peke yake anahitaji mtafiti mwenye ulimi wa tahadhari. Matokeo ya kipimo cha akili hayatangazwi uani.

Kuhusu idhini, alama ya kidole gumba mbele ya shahidi haitoshi. Amwombe mzee aeleze kwa maneno yake kitakachofanyika na kwamba ana ruhusa ya kukataa. Asipoweza, aelezwe upya. Kwa anayesahau, idhini huombwa kila ziara kana kwamba ni ya kwanza, na mlezi huombwa pamoja naye, si badala yake. Kugeuza uso, kuvuta leso juu ya kichwa, kuanza kuimba wimbo wa kanisani katikati ya swali: hayo yote ni kukataa, na mahojiano yaishe hapo. Mtoto wa kiume aliye mbali, hata akiwa ndiye analipa kila kitu, hana mamlaka ya kumkubalia mama mwenye akili timamu. Na kabla ya kipimo cha kwanza, msimamizi awe ameshakubaliana na zahanati ya karibu kuhusu atakayempokea mzee mwenye shinikizo la 190 kwa 110, maana kulipima na kuondoka ni ukatili.

Wewe msimamizi una kazi yako, nayo ni Ijumaa. Kila Ijumaa, kwa muda wa saa moja na nusu, chipukizi aje na ukurasa mmoja kuhusu mzee mmoja, aliouandika kwa mkono kwenye daftari, na makala moja ya kisayansi inayohusu alichokiona. Msome pamoja. Akiwa ameona mzee akipunguza mwendo baada ya kulazwa, asome kuhusu misuli inavyodhoofika kitandani. Akiwa ameona bibi analea wajukuu sita yatima, asome kuhusu mzigo wa ulezi. Swali la utafiti wake litoke humo. Nimeona maswali mazuri yakitoka kwenye daftari hizo mwezi wa saba au wa nane, na sikumbuki hata moja lililotoka mwezi wa kwanza. Nenda naye nyumbani kwa wazee angalau mara nne kwa mwaka, ukae nyuma, unyamaze. Makosa yake myaongee njiani mkirudi.

Takwimu zifundishwe kwa mfano wa karibu. Huko Nakuru, mwaka 2007 na 2008, watafiti wa macho waliwapima zaidi ya watu 4,400 wenye miaka 50 na kuendelea, na waliporudi miaka sita baadaye waliweza kuwapima tena takriban nusu tu. Wengine walikuwa wamefariki, wengine wamehama; na miaka hiyo ya mwanzo ndiyo ile ya ghasia za baada ya uchaguzi. Mwulize chipukizi: kati ya wazee wako watano, nani hutampata miaka sita ijayo, na asipopatikana matokeo yatapinda upande gani? Atakayejibu akiwataja watu kwa majina hatawachanganya tena waliokufa na waliohama katika safu moja ya "hawakupatikana". Hesabu zenyewe azifanye kwa programu ya R, ambayo haina malipo.

Fedha na vyeo nitayapitia haraka. Mkubaliane kwa maandishi nani ataandikwa mwandishi wa kwanza kabla data haijakusanywa. Kwa uzamivu, CARTA, ushirika wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti za Afrika ulioanzishwa 2008 na unaojumuisha Chuo Kikuu cha Moi, unastahili kuangaliwa. Posho ya nauli ya chipukizi ilipwe kwa wakati. Aliyekopa pesa za bodaboda kwa miezi mitatu hujaza fomu akiwa nyumbani kwake, na ukimlaumu jilaumu na wewe.

Huenda mmoja wa wale watano akafariki kabla ya mwaka kwisha. Chipukizi ahudhurie mazishi, aketi na watu wengine chini ya hema, asibebe karatasi. Maswali kuhusu ugonjwa wa mwisho yasubiri hadi familia imalize matanga, na ayaulize mtu waliyemzoea. Mwezi wa kumi na mbili arudi kwa waliobaki awasomee alichoandika juu yao, kila mmoja faraghani, kwa lugha ya nyumbani. Watamsahihisha. Yule bibi wa Seme, aliposomewa kwamba kutembea kamba yetu kulimchukua sekunde 4 mwezi Machi na sekunde 7 mwezi Agosti, alisema Agosti ile alikuwa amevaa patipati za mjukuu zilizokuwa kubwa kuliko miguu yake, na akataka kupimwa tena pale pale akiwa peku. Tukainyoosha kamba. Sekunde 4 na nusu. Kijana alifuta namba ya zamani, nami nikamzuia: iachwe, na pembeni aandike habari ya patipati. Daftari hilo, pamoja na kamba na kiti cha mbao, sasa viko kwa mwanafunzi aliyemfuata.